Viatu Vyangu Juu ya Kitabu cha Shehe

Nilipokwenda Gairo kununua karanga, nilimkuta mtu mmoja nisiyemjua amekaa juu ya gunia anawasimulia wenzake habari za mwalimu wa Morogoro aliyekivisha kitabu cha shehe viatu. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nikacheka nao (ningefanya nini?), nikabeba karanga zangu nikaondoka bila kugeuka nyuma. Mwalimu huyo ni mimi. Nimeona niwasimulie nyinyi kwa kinywa changu mwenyewe, maana yule wa Gairo alikosea mambo mengi, na ile sehemu ya mwisho, isiyochekesha, hakuijua kabisa.

Wakati ule nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya serikali pale mjini, na kazi niliyoipenda kuliko kufundisha ilikuwa kutunza kabati la vitabu. Kabati lenyewe lilikuwa limepigwa bati ndani na nje na miguu yake imesimama kwenye makopo ya mafuta ya taa, kwa sababu mchwa wa Morogoro hawachagui, watakula mlango, watakula mkeka uliolalia, na kitabu kwao ni kama mkate laini. Mkuu wa shule yetu alikuwa Mjerumani mwembamba tuliyemwita Bwana Miwani (yeye mwenyewe alijua tunamwita hivyo na hakukasirika), na huyu alikuwa na urafiki na padri mmoja mzee wa misheni ya juu kule Mgeta. Wawili hao, katika kutembeleana, wakagundua jambo la kusikitisha: kwamba vitabu fulani vilivyopigwa chapa zamani, ambavyo kila mmoja alidhani mwenzake anavyo, kumbe havipo kwa huyu wala kwa yule, vimekwisha, na kila mmoja alikuwa ametupa vyake vilivyochakaa kwa kuamini kwamba vingine vimebaki mahali.

Ndipo wakapatana. Misheni walikuwa na fundi wa kujalidi vitabu, Fundi Yosefu, lakini nyumba zao ziko ndani ya ukungu na karatasi huko huota kuvu kama mkate uliosahauliwa. Sisi tulikuwa na kabati kavu lakini fundi hatuna. Basi ikawa kitabu chochote kilichobaki kimoja kitatengenezwa Mgeta na kuhifadhiwa kwetu, kikiendelea kuwa mali ya mwenyewe, na mwenye kutaka kukisoma aje asome, na mtu yeyote asitupe kitabu kikuukuu kabla ya kuwauliza wengine. Mimi nikasema (na hapo ndipo nilipoanza kujiona mtu mkubwa) kwamba mapatano hayo hayana maana kama hatumwingizi Shehe Mwinjuma, kwa sababu yeye alikuwa na vitabu kuliko shule na misheni pamoja, vya Bombei na vya Misri, amevirundika ndani ya kasha la mbao chini ya kitanda chake cha kamba.

Shehe Mwinjuma ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilikaa mbele yake chuoni tangu sijajua kufunga shuka vizuri. Nikamwendea alasiri moja, nikamkuta anakausha kitabu juani, karatasi moja moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea maneno ya Wazungu tena?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akigeuza karatasi kwa ncha ya kidole, kisha akaniuliza, "Kitu kikishaingia serikalini, wewe umewahi kukiona kinatoka?"

Sikuwahi. Nikasema, "Mwalimu, kitabu hicho nitakibeba mimi. Nitakipeleka kwa fundi na nitakirudisha, hakitashikwa na mkono mwingine njiani, na ufunguo wa kabati ninao mimi."

Akazikusanya zile karatasi. Kitabu kile kilikuwa cha tungo za kumsifu Mtume, kimepigwa chapa Bombei, baba yake ndiye aliyekuja nacho kutoka pwani, na pembeni mwa kila ukurasa walimu waliomtangulia walikuwa wameandika maelezo yao kwa wino, mkono wa huyu umeandika juu, mkono wa yule umemjibu chini. Alikuwa ameulizia Bagamoyo, ameulizia Unguja, hakumpata mtu mwenye kingine kama hicho.

"Basi," akasema, "nakupa wewe. Wao siwapi. Wewe."

Akakifunga ndani ya kitambaa cheupe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Safari ya kupanda sitaisimulia sana, isipokuwa jambo moja: nilivaa viatu. Buti nyeusi za kamba, mpya, nimeletewa kutoka Dar es Salaam, na katika walimu wote wa Kiafrika wa pale mjini nilikuwa peke yangu mwenye buti kama zile. Mtu mwenye akili anapanda Mgeta pekupeku kama Waluguru wenyewe wanavyopanda, vidole vinashika udongo. Mimi nilipanda kama jumbe anayekwenda kukusanya kodi, nikiteleza, nikishika majani, na mchukuzi wangu, bwana mmoja wa milimani aitwaye Mloka, akinisubiri kila kona na sanduku la bati kichwani wala hatoki jasho.

Misheni tulikaa mpaka Fundi Yosefu amalize kazi, na kazi ile, jamani, ilikuwa nzuri. Kitabu cha Shehe kilirudi kimeshonwa upya, ngozi mpya mgongoni, hakuna maelezo hata moja ya pembeni yaliyokatwa. Fundi Yosefu ni Mkristo, lakini alinawa mikono kila alipokishika, nilimwona. Siku ya kuondoka padri mzee akanipa kitabu chao cha kuleta kwetu, kidogo tu, cha hadithi na maneno ya Kiluguru, alichokichapa marehemu mwenzake kwa mashine ndogo ya mkono zamani walipofika.

"Tumeuliza misheni zote," akaniambia. "Vingine vimeliwa na kuvu na panya. Hiki ni cha mwisho. Na wazee waliomwambia hadithi hizi wamekwisha kufa."

Nikasema, "Usiwe na shaka, Baba."

Sasa hapo ndipo paliponiponza. Tulipoanza kushuka mvua ikaja, ile mvua ya Mgeta isiyopiga kelele, inakulowesha tu taratibu mpaka mfupa, na njia ikawa kama imepakwa sabuni. Buti zilikwisha kunichuna visigino wakati wa kupanda, sasa wakati wa kushuka vidole vyote vikawa vinagonga mbele, kila hatua nataka kulia. Nikakaa juu ya jiwe nikazivua.

"Zifunge kamba uzining'inize shingoni," Mloka akasema.

Ungekuwa ushauri mzuri kwa mtu mwingine. Lakini nyuma yetu walikuwa wanakuja wanawake na mizigo yao ya viazi, wanatutazama, na mimi nikafikiri: mwalimu wa serikali, na viatu shingoni kama mbuzi aliyefungwa kengele? Tena ngozi ile ikilowa sana itakunjamana. Nikasema, "Tua sanduku."

"Humo si mna kitabu cha Shehe?"

"Kimefungwa kitambaa. Na hizi nitazifunga majani ya mgomba. Tukifika mtoni nitazitoa, nioshe miguu, nizivae, tuingie mjini kama watu."

"Sanduku ni lako, Mwalimu," akasema Mloka, akalitua.

Nikazifunga kwa majani, nikazilaza juu ya kitambaa cheupe, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia kwenye mfuko wa ndani wa kanzu. Moyo ulinisuta kidogo, nawaambia ukweli, ila miguu ilikuwa inauma kuliko moyo.

Mto ni Ngerengere, na mpango wangu ungekuwa sawasawa kama tungeukuta mto peke yake. Tulitokeza kwenye kivuko nikasikia ngoma. Bwana Miwani, kwa furaha yake, alikuwa amepata habari kutoka kwa watu waliotutangulia njiani, akaituma shule nzima ije itupokee na ngoma na matarumbeta na bendera, na kabla sijasema neno wale vijana wa darasa la juu wameshamtua Mloka sanduku kichwani, wameshaliweka mabegani, na wameshaondoka nalo wanaimba. Mimi nikabaki nakimbia nyuma, pekupeku, matope mpaka magotini, napiga kelele, "Polepole! Lisirushwe!" Nao kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyodhani nachangamsha wimbo, wakazidi kulirusha.

Mbele ya shule palijaa. Bwana Mkubwa wa Boma alikuwepo, amekaa kwenye kiti, na askari wake nyuma. Akida alikuwepo. Wazee wa mjini walikuwepo, na kati yao wale ambao Shehe Mwinjuma aliwashawishi nao walete vitabu vyao ikiwa chake kitarudi salama. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka, na kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Aliponiona akatabasamu.

"Mwalimu, viatu viko wapi?" mtu mmoja akauliza kwa sauti, maana mjini buti zangu zilikuwa zinajulikana kuliko jina langu. Watu wakacheka kidogo. Nikacheka nami, macho kwenye sanduku.

Bwana Miwani akahutubia. Alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka kwamba leo misheni na serikali na walimu wa Kiislamu wameweka mkono katika kazi moja, na kwamba kitabu kikifa nchi hii hakuna wa kukizaa upya. Maneno mazuri, watu waliitikia kwa vichwa. Kisha akanigeukia. "Fungua."

Ningeweza kumnong'oneza ukweli. Hata kwenda kwa Shehe, nikapiga goti, nikasema, "Mwalimu, nimefanya jambo la kijinga, niruhusu nilifungue hili faragha," ningeweza, na naamini angenielewa. Badala yake nikajipapasa kanzu, nikasema, "Ufunguo umepotea, Bwana. Nafikiri mtoni. Tuliweke tu ndani, kesho nitamwita mhunzi."

Nilidhani nimejiokoa. Bwana Mkubwa, ambaye jua lilikuwa linampiga na alitaka kwenda zake, akamwamuru askari mmoja kwa neno moja tu, na yule askari akachomoa singe, akaichomeka chini ya kifuniko pale kwenye kufuli. Nikaruka. "Msivunje!" Nikainama kulikumbatia lile sanduku, na katika kuinama ufunguo ukanitoka kwenye mfuko, ukaanguka juu ya bati, ukalia kama kengele. Hakuna mtu ambaye hakuusikia. Askari aliutazama, lakini mkono wake ulikuwa umeshasukuma; kufuli likaachia ghafla na ile singe ikapita ndani mpaka kwenye mpini.

Kifuniko kikafunguka. Kile kitabu kidogo cha misheni, nilichokisimamisha upande wa kufuli, kilikuwa kimechomwa tumboni, singe imeingia kwenye jalada na kutokea upande wa pili. Na katikati ya sanduku, majani ya mgomba yameraruka kwa kule kurushwa, kitambaa cheupe kimefunuka, na buti zangu, nyayo chini, na matope yake ya Mgeta, zimesimama juu ya kitabu cha Shehe kilichofunguka, kana kwamba mtu asiyeonekana amesimama mle ndani na kukikanyaga. Mafuta niliyoipaka ngozi ili isilowe yalikuwa yameyeyuka yakaenea juu ya maandishi, na jina la Mtume lilikuwa chini ya kisigino.

Hapo yule msimulizi wa Gairo ndipo anapowachekesha watu. Pale shuleni hakucheka mtu. Nilisikia mtu mmoja nyuma anasema, "Astaghfirullah," taratibu, kisha mwingine, kisha wengi.

Shehe Mwinjuma akainuka, kwa shida kwa sababu ya magoti yake. Alikuja mpaka kwenye sanduku, akazitoa buti yeye mwenyewe, moja, kisha nyingine, akaziweka chini sawasawa, kama mtu anavyoviweka viatu vya mgeni mlangoni. Akakichukua kitabu, akakifuta kwa mkono wa kanzu yake ile ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti.

"Mwalimu, ilikuwa mvua," nikasema. Jamani, katika maneno yote ya duniani, ndiyo niliyoyapata.

Shehe akanipita. Akamwambia Bwana Miwani kwa heshima, "Bwana, asante kwa fundi wako. Kitabu changu nakwenda nacho nyumbani." Akaondoka, na wazee wote wakainuka wakamfuata, mkeka ukabaki mtupu.

Mji ulinila. Walisema mafuta yale ni ya nguruwe, kwamba nilipewa na mapadri makusudi (wallahi yalikuwa mafuta ya ng'ombe, niliyayeyusha mwenyewe jikoni kwa mama yangu, lakini nani utamweleza?). Wanafunzi walipoingia darasani walikuwa wanavua viatu wasivyokuwa navyo, wananiangalia. Padri mzee alikidai kitabu chake, akarudishiwa na tundu lake, na sikumlaumu. Masika hayo hayo Fundi Yosefu alileta habari kwamba kuvu limekiingia kupitia pale pale kilipochomwa, kurasa zimeshikana, ukizibandua zinakatika. Wale wazee waliokuwa wameahidi kuleta vitabu vyao hakuna aliyeleta. Kabati letu la bati likabaki na vitabu vya hesabu na ramani, ambavyo Dar es Salaam viko vimejaa.

Na Shehe akakirudisha kitabu chini ya kitanda chake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Siku moja asubuhi nikasikia watu wanakimbilia mtaa wake, nikakimbia nami. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelowa ukaangukia ndani, yeye mwenyewe ashukuriwe Mungu alikuwa amekwenda msikitini. Nilichimba kwa mikono pamoja na majirani waliokuwa hawanisemeshi. Kasha tulilipata limepasuka. Ndani yake mlikuwa na tope na kitu kama uji, na ile ngozi mpya ya mgongo, kazi ya Fundi Yosefu, imebaki nzima haina chochote ndani yake. Kabati letu, mwendo mfupi kutoka pale, lilikuwa kavu kabisa. Nilikwenda kulitazama siku ile ile. Sijui nilitaka kuona nini.

Nilikaa muda mrefu bila kuthubutu kwenda kwake. Mwisho yeye ndiye aliyeniita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mkono wako wa kuandika bado ni mzuri?"

"Bado."

"Basi keti. Macho yangu yamekwisha, lakini baadhi ya maneno ninayo kichwani."

Hakusema nimekusamehe, na mimi sikumwuliza. Kuanzia hapo kila alasiri nilikuwa nakwenda baada ya shule, naketi pale pale nilipokuwa naketi utotoni, yeye anasoma kwa moyo, mimi naandika. Beti nyingi alizijua. Maelezo ya pembeni ndiyo yaliyomshinda, maana hayo mtu hayahifadhi, huyasoma tu kitabu kikiwa mbele yake. Angeanza, "Hapa mwalimu wa baba yangu alisema…" kisha ananyamaza, midomo inatafuta, na mimi nimeinua kalamu nangoja, na mvua imekatika nje na majirani wanatwanga, na hakuna kinachokuja.

Mara ya kwanza ilipotokea nilijaribu kumsaidia. Nilikuwa nimekisoma kidogo kitabu chake kule misheni, nilidhani nakumbuka. Nikapendekeza neno.

Akatikisa kichwa. "Hilo ni lako," akasema. "Zuri, lakini ni lako. Acha nafasi. Huenda Mungu amekiweka kingine mahali, kwa mtu ambaye hatumjui."

Nikaacha nafasi. Tuliendelea hivyo mpaka alipougua, na alipofariki tulikuwa hatujafika mwisho.

Karatasi hizo ninazo mpaka leo, katika kabati lile. Kila mtu anayepanda gari moshi kutoka pwani akashuka hapa, akiwa na dalili ya elimu, namfuata namwuliza kama amewahi kuona kitabu namna hiyo, kilichopigwa chapa Bombei, iwe Unguja, iwe Lamu, iwe Mombasa, na wengine hunijibu vizuri na wengine huwa wameshasikia mimi ni nani. Hakijapatikana. Usiku mwingine natamani niketi nijaze zile nafasi, najua namna maneno yale yalivyokuwa yanakwenda, hakuna ambaye angegundua. Lakini nimeapa. Zitakaa hivyo hivyo, nyeupe, wala sitatia humo neno langu hata moja.